Pingu Isiyo na Ufunguo

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kisha unyamaze unisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu wala sikuyaota. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nyumbani kwetu Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, na aliyekuwa hatarini ni mtoto aliyekuwa tumboni mwangu.

Mume wangu Abdu alikuwa na ugonjwa wa kukusanya pingu. Naam, pingu! Wanaume wengine hukusanya stempu, wengine wanawake. Wangu alikusanya pingu. Tulipoishi Hell-Ville, kule kisiwani Nosy Be, alikuwa mpima mizigo bandarini, na kila aliyechimba msingi akakuta chuma alimletea yeye. Alikuwa na pingu za askari wa Kifaransa, za gereza, na nyingine kongwe zaidi, za biashara ile ambayo kwetu haizungumzwi mbele ya watoto. Alizipaka mafuta ya mashine, akazivika matambara, akazilaza chini ya kitanda ndani ya sanduku la mbao lenye mkaa wa kunyonya unyevu. Sikuzipenda, lakini sisemi uongo: muda wote zilipokuwa sandukuni, zilitulia.

Mwishoni mwa miaka ya sabini tukahama. Baada ya zile ghasia zilizowapata Wakomori wenzetu Mahajanga, mjomba wangu alipanda meli kurudi visiwani, akatuomba tumlindie nyumba yake mtaa wa Mahabibo. Tukavuka kwa pantoni hadi Antsahampano bara, tukashika barabara ya Mahajanga, mimi na mimba yangu ya kwanza, niliyoiombea dua mpaka nikakata tamaa, na Abdu na sanduku lake. Njia nzima alilishika sanduku, mimi nikajishika mwenyewe.

Nyumba ya mjomba ilikuwa na sebule pana. Unadhani Abdu aliiacha hivi hivi? Alipigilia ubao ukutani, akaupaka rangi nyeusi, akazitundika zote, kila moja imefungwa kwa ufunguo wake. Nikamuuliza kwa nini asiziache wazi.

"Zikiwa wazi zinaning'inia ovyo," akasema, "zinachora kutu kwenye chokaa."

Moja tu haikuwa na ufunguo. Ilichimbuliwa ikiwa imefungwa vile vile, na vikuku vyake vilikuwa vyembamba, kadiri ya mkono wangu. Hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote, akaiweka katikati.

Adhuhuri ya Mahajanga ni ya kulala. Maduka yanafungwa, barabarani hapiti hata mbwa. Siku moja saa kama hizo nimejinyoosha kwenye mkeka, nikasikia, "Hodi." Nikaitikia, "Karibu." Akaingia mwanamke mjamzito, tumbo kubwa kuliko langu, mikono ameificha chini ya nguo. Nilimwekea kiti, hakukaa. Nilimpa maji, hakutoa mkono kuyapokea. Alikuwa anatazama ubao tu. Ndani ya nyumba sisi tulisema Kikomori na barabarani Kimalagasi, lakini yeye alinisemesha Kiswahili kile cha kale ambacho kwetu kimebaki kwenye kasida.

"Mwanangu, nifungulie. Uchungu umeanza."

"Nikufungulie nini, mama?"

Akaitoa mikono. Ilikuwa imebanana kifundo kwa kifundo, lakini chuma hakikuwepo. Nikageuka ukutani: pingu ya katikati ilikuwa inatikisika, nyingine zote zimetulia. Nilipomgeukia tena, hakuna mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani, kama nilivyoufunga mwenyewe. Sasa alipita wapi?

Nilimweleza Abdu. Akasema ni joto, na wenye mimba wana mambo. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe.

Haukupita muda, uchungu ukanishika alfajiri. Akaitwa mkunga, Koko Zaina. Koko ndiyo bibi kwa Kikomori, na nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, hakiachwi kitu kimefungwa ndani ya nyumba. Abdu alifungua makufuli, madirisha, masanduku, vifuniko vya vyungu, hata kamba za viatu vyake. Koko akanifumua nywele. Mtoto hatoki! Adhuhuri ikafika, Koko akaweka kiganja tumboni, uso ukambadilika.

"Mtoto anachoka. Abdu, mwanangu, kuna kitu umekiacha kimefungwa."

"Koko, nimefungua vyote, wallahi."

Na wala hakudanganya. Tangu alipozitundika, machoni pake hazikuwa pingu tena, zilikuwa pambo la ukuta. Hata mimi, na yote niliyoyaona, maumivu yalikuwa yamenisahaulisha. Ndipo nikamwona yule mwanamke. Amechutama miguuni pangu, mikono imebanana, anasukuma nami pumzi kwa pumzi.

"Wangu hakutoka," akaniambia.

Nikapiga kelele, "Pingu! Abdu, pingu za ukutani!"

Akakimbia. Nikasikia funguo zinahangaika, vyuma vinaanguka sakafuni kimoja kimoja. Kisha kimya. Imebaki ile isiyo na ufunguo. Nikasikia msumeno wa chuma. Alikata huku analia, nilimsikia, na mwanangu ndani alikuwa ameacha kucheza. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Chuma kikakatika, na papo hapo mtoto akatoka.

Akalia. Na mwingine akalia.

Koko alinipapasa tumbo akidhani ni pacha. Hakuna. Kilio cha pili kilitoka sebuleni, chini ya ubao, na Abdu alikuwa amesimama pale na msumeno wake. Yule mwanamke sikumwona tena.

Vyuma vyote tulivipeleka Boanamary, tukavitupa pale maji ya mto Betsiboka yanapokuwa mekundu. Yakaisha? Laiti! Faiza wangu akilia chumbani, mwenzake alilia sebuleni, na maziwa yangu yalitoka kwa vilio vyote viwili. Sikushika mimba tena. Abdu hakutundika kitu ukutani maisha yake yote, hata kalenda.

Kwa hiyo wewe unayetafuta pingu za kale upambe nyumba, najua mpo, nakuomba uache. Na kama unazo tayari, usizionyeshe zimefungwa. Chuma kile kilimfunga mtu, na hujui alikuwa na nani tumboni.

Juzi Faiza amenipigia simu. Ana mimba yake ya kwanza. Daktari ameangalia kwa mashine, anaona mtoto mmoja, lakini anasikia mioyo miwili inapiga. Nilidhani atalia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Mama, na huyu mwingine tumpe jina gani?"