Kadi Mbele ya Kamera

Ofisi nzima ilimwita Mama Kadi, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya ardhi, kile chumba cha chini chenye rafu kumi na nne za mafaili ya viwanja, na kwa miaka ishirini na sita alishikilia sharti moja tu: faili halitoki kwenye rafu bila kuacha kadi mahali pake. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa kiganja, imeandikwa faili limekwenda kwa nani, limetoka saa ngapi na litarudi lini. Wakubwa waliojichukulia faili kibabe aliwafuata mpaka mezani kwao, wakaandika huku wamenuna.

Hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Aliishi na mama yake mzazi, bibi ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo, na kila asubuhi kabla ya kufunga mlango aliegemeza kadi kwenye kikombe kando ya kitanda: Nimekwenda kazini. Nitarudi saa kumi na nusu. Mwanao. Jirani aliyekuja mchana kumpa chakula alisema bibi huisoma kadi kwa sauti na kutulia, kisha baada ya muda huuliza tena mwanawe yuko wapi, huisoma upya, hutulia tena. Siku ilisogea namna hiyo. Usicheke, maana wapo watu wenye akili zao timamu ambao hawatulii hata ukiwaandikia barua nzima.

Basi, kompyuta mpya zikaja. Kila mtu alipewa yake, nyembamba, inang'aa, na ndani yake mna programu ya kutumiana ujumbe na kupigiana simu za video. Fundi wa kompyuta aliwafundisha kwa saa moja, anaongea kama mtu anayekimbizwa. Mama Kadi aliandika kila neno kwenye daftari. Kesho yake daftari halikufaa kitu, maana programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe na vitufe vyote vimehama.

Ilidai nywila, ikazikataa tatu, ikakubali ya nne, na ya nne mwenyewe akaisahau. Ilipiga kengele kila mtu alipomtakia mwenzake asubuhi njema, na watu waliokaa meza moja walitakiana asubuhi njema hadi saa tano. Kwenye kikao cha kwanza cha video Mama Kadi alionekana paji la uso peke yake. Bosi naye aliganda mdomo wazi katikati ya neno, na watu wakamsubiri kwa adabu dakika nne nzima. Kichekesho ni kwamba ofisi ya bosi ilikuwa juu ya masjala kabisa. Sauti yake ilifika kwanza kupitia dari, halafu ikaja tena kwenye kompyuta imechelewa, hivyo kila agizo Mama Kadi alilisikia mara mbili.

Hayo yote angeyameza. Kilichomnyima raha ni kidoti. Kando ya jina la kila mtu palikuwa na kidoti: cha kijani, yupo; cha manjano, hayupo. Ukikaa dakika tano bila kuigusa mashine, kinageuka cha manjano. Sasa jamani, karani wa masjala anafanyia kazi wapi? Kwenye rafu. Anapanda ngazi, anashuka, anapangusa vumbi, anapanda tena, na huku nyuma mashine inaitangazia ofisi nzima kwamba hayupo.

Jumatatu ya wiki ya tatu bosi akaweka tangazo kwenye kundi. Makao makuu yalitaka mtu mmoja ahamishiwe ghala la mafaili ya zamani, safari ya siku nzima kwa basi. Atakayekwenda ni yule mwenye saa nyingi za kutokuwepo, kwa mujibu wa taarifa ya programu, na jina litasomwa Ijumaa saa nne kwenye kikao cha video. Chini yake alibandika taarifa yenyewe. Mama Kadi, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikosekana kazini siku nne tu, siku za msiba wa mumewe, alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya watoro.

Mama yake alikuwa hahamishiki. Mwaka uliotangulia walipaka rangi chumba chake wakamlaza sebuleni, na kwa siku tatu bibi alilia akiomba arudishwe kwao. Kumpeleka mji mwingine ingekuwa kumpoteza angali hai. Kumwacha je? Nani angemwandikia kadi, na ingesema atarudi saa ngapi?

Akapanda kumwona bosi. Katibu muhtasi akamweleza kwa upole kwamba siku hizi bosi anaongea na wafanyakazi kwa programu tu, amtumie ujumbe. Akarudi chini, akaandika kwa vidole viwili nusu saa nzima, akabonyeza kitu fulani, ujumbe ukayeyuka. Akaandika mwingine. Huo ulikwenda, ila ulikwenda kwenye kundi la michezo la wafanyakazi, na mtu akamjibu kwa picha ya mpira.

Hofu ikimshika mtu humfanyisha mambo. Mama Kadi akakaa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, alikaa kitini mbele ya mashine akitikisa kipanya kila baada ya dakika mbili, mguu mmoja ukimcheza chini ya meza. Kidoti kilikuwa kijani kutwa. Maombi ya mafaili yalirundikana mezani, na waliokuja dirishani waliambiwa waje kesho. Alhamisi jioni bosi alimtumia alama ya kidole gumba, na badala ya kufurahi aliona aibu.

Aliona aibu kwa sababu ya fundi cherehani mmoja, mtu mwembamba ambaye futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni. Jirani yake alikuwa amejenga ukuta ndani ya kiwanja chake, na shauri lao lingesikilizwa Ijumaa saa sita kwenye baraza la ardhi, ng'ambo ya barabara. Bila faili hana ushahidi. Alikuja Jumatano, akaja Alhamisi, na mara zote mbili Mama Kadi alimwambia kesho, macho yake yakiwa kwenye kidoti.

Ijumaa saa nne kasoro dakika mbili alikuwa amekaa wima, kamera ameinamisha vizuri, nyuso za wenzake zimejaa kwenye skrini. Bosi akaanza, kwanza darini, kisha mezani. Alisema atatoa maelezo mafupi kuhusu mahudhurio kabla ya kusoma jina. Wakati huo huo fundi cherehani akasimama dirishani. Hakugonga wala hakupandisha sauti.

"Mama, naomba unitazame leo," alisema. "Baraza ni saa sita."

Akamtazama. Akatazama kidoti. Alijua fika kwamba akiondoka kitini dakika hii, mbele ya ofisi nzima, amejimaliza mwenyewe. Lakini mtu yule alikuwa amekwishaambiwa kesho mara mbili, na faili lake lilikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Akainuka. Na kwa kuwa mkono wake haukujua kuacha mahali patupu, ulichukua kadi, ukaandika, ukaibana kwa klipu mbele ya kamera. Watu wote kikaoni wakaona kadi badala ya uso: Karani wa masjala. Amekwenda rafu ya kumi na moja kutoa faili. Ametoka saa nne na dakika saba. Atarudi saa nne na dakika kumi na tano.

Alikuwa juu ya ngazi aliposikia dari ikiuliza Mama Kadi yuko wapi, na sekunde chache baadaye mashine nayo ikauliza vile vile. Akasikia mtu akicheka, kisha mwingine akiisoma kadi yake kwa sauti, neno kwa neno. Faili lilikuwa limejibana nyuma ya jingine. Alilivuta, akashuka, akaweka kadi mahali pake, akamsainisha fundi cherehani, naye akaondoka nalo mbio. Alipoitoa kadi mbele ya kamera ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne.

"Mama Kadi," bosi alisema, "unajua taarifa hii inasema nini?"

"Inasema sipo, bosi. Mimi kubishana na mashine siwezi. Ila kila nilipotoka kitini hapa, niliandika."

Akavuta sanduku alimotunza nakala ya kila kadi aliyoiacha rafuni. Kadi mbili zilianguka sakafuni, akaziokota.

"Jumatatu. Saa mbili na dakika tano, rafu ya tatu, faili limekwenda kwako. Saa mbili na dakika ishirini, rafu ya tisa, limekwenda kwako. Saa tatu kasorobo, rafu ya kwanza, limekwenda kwako, bosi." Akafunua tena. "Jumanne hakuna kadi. Jumatano hakuna. Jana hakuna. Siku hizo tatu ndizo nilizokuwepo."

Bosi alitulia kwenye skrini, na Mama Kadi akadhani ameganda tena kama kawaida ya ile programu. Kumbe kiti kilivutwa juu ya kichwa chake, hatua zikavuka dari, zikashuka ngazi, na bosi mwenyewe, mzima, akasimama dirishani mahali aliposimama fundi cherehani.

Alisoma kadi kumi hivi, nyingi zina jina lake. Kisha akasema angewaandikia makao makuu kwamba taarifa ile haifai kumhamishia mtu, na kwamba yeye Mama Kadi haendi popote. Akalichukua sanduku aende nalo juu kama ushahidi. Mama Kadi akamsogezea kadi na kalamu, na bosi akaandika bila kununa.

Mchana kutwa alitoa mafaili ya siku tatu, na kidoti kiligeuka cha manjano, naye hakukitazama. Kwa hiyo alichelewa kutoka. Njiani alitembea upesi, hofu ya wiki nzima bado imemkaa kifuani kama haijaambiwa kwamba mambo yamekwisha.

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kadi mkononi, macho kwenye saa ya ukutani.

"Umeandika saa kumi na nusu," alisema. "Hii ni kumi na moja kasorobo."

Mama Kadi akaketi kando yake, na machozi aliyoyazuia tangu Jumatatu yakamtoka. Bibi alimwekea kadi mapajani, akaipiga kwa kidole, mkali kama karani.

"Andika umerudi."

Akaandika.