Bibi wa Kitabuni Walivyomfanya Mchawi

Nilikuwa darasa la sita, tunaishi kijijini Sola, shangazi yangu aliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu na riwaya aliyoazimwa na mwenzake. Ilikuwa hadithi ya nchi iliyo chini ya ardhi, ambako mvua hufugwa kama ng'ombe, hutolewa malishoni asubuhi na kurudishwa zizini jioni. Msichana mmoja anashuka huko kuitafuta mvua ya kwao iliyoibwa. Anayempokea ni bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye kazi yake ni kukoka moto ili nchi ile isife kwa baridi. Moshi ndio uliomharibu macho. Mwishoni bibi huyo ndiye anayefungua zizi na kuiachia mvua.

Nilimpenda yule bibi kwa sababu mwenzake nilikuwa naye nyumbani. Bibi yangu mzaa baba alipikia vijiti vya mipamba na mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu kama aliyetoka kulia. Kwetu hilo si jambo dogo, maana macho mekundu huitwa alama ya uchawi. Wako vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Rafiki wa bibi, wa kijiji cha jirani, alikufa hivyo, na bibi hakupenda kumtaja.

Nilimsomea kitabu kile tukichambua pamba, nikikigeuza Kisukuma sentensi kwa sentensi. Nilipofika pale bibi kizee anapofungua zizi, aliacha kuchambua, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza mwandishi ni mtu wa wapi. Nikamwambia sijui.

"Huyo ameishi na bibi yake," akasema.

Sasa nashona nguo Bariadi, na miaka ya karibuni bibi alikuwa akikaa kwangu kwa sababu magoti yalimchoka. Mwaka jana bango likabandikwa karibu na soko: riwaya ile imefanywa sinema, itaonyeshwa ukumbini Jumapili mchana. Nilifurahi kama mtoto. Nilimshonea bibi gauni jipya, nikakodi bajaji, tukakaa safu ya tatu ili aone vizuri.

Yule msichana wa kitabuni, anayeshuka ardhini peku, alikuwa na nywele za bandia hadi kiunoni na viatu vya visigino. Mvua haikuwepo kabisa. Kilichoibwa sasa kilikuwa sanduku la almasi, na wa kulirudisha ni kijana wa mjini mwenye gari jeusi, ambaye kitabuni hayupo. Nikajiambia ngoja afike yule bibi kizee.

Akafika. Alikuwa binti aliyepakwa unga kichwani na kuwekewa lenzi nyekundu machoni. Alicheka ovyo, akanywa damu kwenye kibuyu. Ndiye aliyeiba. Hakukuwa na moto, hakukuwa na zizi. Wanakijiji wakamzunguka na mapanga, na picha haikugeuka pembeni. Ilikaa palepale mpaka wakamaliza. Ukumbi ulipiga miluzi. Mwanamume nyuma yangu alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote.

Bibi haelewi Kiswahili cha haraka, lakini pale hapakuwa na cha kutafsiri. Aliniinamia, akaniuliza kwa Kisukuma, "Ndiye yule wa kwenye kitabu?"

Nilitaka kudanganya, uongo ukakataa kutoka. "Ndiye."

Akavuta kitenge chake, akajifunika uso. Wasichana wawili wa safu ya mbele waligeuka, wakamtazama, wakanong'onezana. Nikamshika mkono tukatoka sinema ikiwa katikati.

Mlangoni alikaa mwanamume aliyekuja na ile filamu. Nilimuuliza kama amesoma kitabu. Alijibu kwa upole kwamba hajakisoma, ila alikuwepo wakati wa kurekodi, na kwamba walikaa wakajadiliana sana.

"Dada, watu hawatoki nyumbani kuja kumtazama bibi anakoka moto," akasema. "Wanataka mchawi."

"Basi huyu hapa ndiye mliyemkata mle ndani."

Alimtazama bibi, akateremsha macho haraka. Kisha akaamkia, "Shikamoo, bibi," akiwa ameinamia viatu vyake. Bibi akaitikia marahaba. Katika yote ya siku ile, shikamoo hiyo ndiyo iliyonichefua zaidi.

Haikupita wiki watoto wa mtaa wetu wakaanza kumwita bibi kwa jina la yule wa kwenye sinema. Mteja wangu mmoja, mwanamke niliyemshonea miaka mingi, alimvuta mwanawe pembeni bibi aliponyoosha mkono kumsalimia. Nilimrudishia kitambaa chake kikiwa bado hakijakatwa. Aliuliza kosa lake ni nini, nami sikuwa na hamu ya kumweleza.

Bibi mwenyewe hakulalamika. Asubuhi moja nilimkuta amefunga nguo zake. Akasema anarudi Sola, kwa baba yangu mdogo, kwa sababu kule wanamjua. Nilimpeleka mwenyewe. Baba mdogo alinivuta kando, akaniambia sinema imekwishafika, iko kwenye flashi, vijana wanaitazama pale mashineni wanakosaga mahindi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kurudi Bariadi. Nikamwomba aseme neno mkutanoni, awakumbushe watu kwamba macho ya wazee ni moshi. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha karanga, akacheka kidogo.

"Mayu, ile ni sinema tu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilimwambia nami najua ni sinema, na kwamba rafiki wa bibi yangu hakukatwa na watu wa kwenye sinema. Akaendelea kumenya karanga. Nikainuka nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu wa umri wake.