Fundi wa Mahema wa Mususa

Fundi cherehani wa Mususa anashona mahema ya bashi, yale maturubai ya plastiki, na tangu vita vianze hakosi wateja, maana kila jeshi linalokuja kutukomboa linatufukuza kwanza nyumbani. Ni Mprotestanti wa kukomaa, lakini mishono yake huisugua kwa vipande vya mishumaa ya misa anavyoomba parokiani. Anasema nta ndiyo kitu pekee cha Wakatoliki kisichovuja. Vidole vyake vinang'aa nta hata kurasa za Biblia yake zimegandana. Bashi ya bluu hataki kuigusa: wenye bunduki wanaiona toka mbali.

Jumanne alikuja muuguzi anayetaka hema jepesi la mtu mmoja. Alikuwa anashuka Semuliki peke yake kwa mtumbwi, kuwapelekea dawa waliokimbilia msituni, na dawa ikilowa imekwisha. Fundi alisimamisha hema, akaweka ndani sinia ya unga wa muhogo, akamwambia muuguzi amwage ndoo nzima ya maji juu ya hema. Kisha wakainama kuchungulia. Katikati ya unga kulikuwa na alama moja, ndogo kama jicho la kuku.

"Tone moja tu, papa," alisema muuguzi. "Nitasogeza dawa pembeni. Batu banangoja kule, acha niende."

Fundi alikuwa ameshika wembe, anaufumua mshono wote.

"Utasogeza ukiwa macho, mama. Ukishalala, nani atasogeza?"

Muuguzi aligeuza ndoo, akaikalia, akaomba sindano ya pili.