Wiki ya Ziwani Aliyonipa Mama Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, mama mkwe alituita kwake Bukoto, hapa Kampala, kula chakula cha mchana, na kabla hatujanawa mikono akasema ananipa wiki yake ya Jinja. Marehemu mume wake, aliyekuwa afisa wa polisi, alikuwa amenunua kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa haki ya kukaa katika kijumba chake kimoja wiki moja kila Desemba. Haki hiyo mtu anaweza kumpa mwingine ikawa yake kabisa. Mama alisema ni yangu kwa sababu nilimuuguza alipovunjika nyonga.

Nilipiga magoti kushukuru. Mimi ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, nimeolewa na Waacholi, na siku ile nilijiona nimekuwa mtoto wa nyumba. Wifi yangu Laker, binti pekee wa mama, aliisukuma sahani yake akaenda kusimama barazani mpaka tukamaliza kula. Nilimwona, nikaendelea kula.

Hoteli ilituambia jina halibadilishwi hivi hivi. Mama atie sahihi mbele ya wakili, na kwa kuwa mali ilikuwa ya marehemu, watoto wake wote wakubali. Tulimpata wakili Old Kampala, mzee asiye na haraka. Akaniuliza marehemu aliacha watoto wangapi. Nikamtaja mume wangu, kisha Laker. Akauliza kama nimezungumza na Laker. Nikasema bado.

"Kubadilisha jina ni kazi ndogo, mama," akaniambia. "Kazi kubwa iko kwenu nyumbani. Ifanye kwanza, kisha urudi."

Mume wangu alitia sahihi. Laker alikataa, na simu zangu hakupokea. Nikaanza kusikia maneno, kwamba nilimuuguza mama huku jicho langu liko kwenye mali. Yaliniuma, maana nilikuwa nimemwogesha yule mama kwa mikono yangu.

Basi nikaenda Nateete, Laker alikokuwa na duka la vitambaa. Alinipa kiti, lakini hakuacha kukata. Nikamuuliza nimemkosea nini.

"Baba alikuwa mtu wa kazi mwaka mzima," akasema. "Wiki ile tu ndiyo alikuwa anavua yunifomu. Alinifundisha kuogelea pale. Sasa utalala pale wewe, na hujui hata alikuwa anakaa kiti gani. Nakuonea wivu, Nanjala. Nimekuonea wivu tangu ulipoanza kumwogesha mama, maana mimi hakunikubalia."

Sikutegemea aseme wazi hivyo. Na mimi likanitoka lililokuwa moyoni tangu niolewe.

"Mimi pia nakuonea wivu. Mkicheka mezani kwa Kiacholi, mimi nacheka nyuma yenu, sijui kilichowachekesha."

Mkasi ukasimama. Kisha mteja akaingia, nikainuka kuondoka.

Nilimwomba mama ampe Laker wiki ile. Alichukia, akaniuliza kama namrudishia zawadi yake usoni. Nilipomweleza habari za kiti na kuogelea, aliniambia nirudie. Kumbe alidhani ziwa lile litamliza binti yake, akataka kumwepusha nalo. Hakuwahi kumuuliza. Wakaenda kwa wakili pamoja, na jina likawa la Laker.

Lakini sikiliza na hili. Desemba ilipofika, Laker alikwenda Jinja na watoto wake, mimi hakunialika. Wivu ukanirudia mkali kuliko wa kwanza. Nilimlalamikia mama huku namsaidia kumenya ndizi, na yeye akaweka kisu chini.

"Ulimpa, au ulimwazima?" akaniuliza. "Kama ulimpa, mwache aende na kitu chake."

Niliona aibu, nikaendelea kumenya.

Laker aliporudi alituletea samaki wa kukaushwa. Mezani akaanza kusimulia jinsi tumbili wa pale hotelini alivyomwibia baba yao kofia ya kazi siku ya kufika, akapanda nayo juu ya paa. Alianza kwa Kiacholi. Katikati akasita, akanitazama, akaanza upya kwa Kiswahili. Nilicheka wakati mmoja na wote.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: ukipewa kitu cha familia, kabla ya kutafuta wakili tazama ni nani aliyepitwa, ukamtafute kwanza huyo. Wivu ukikushika, usiupeleke kwa majirani. Mwambie unayemwonea, kwa sauti ya kawaida, huenda naye ana wake. Na ukitoa, usikae ukingoja kualikwa. Mungu akupe ndugu wasiochoka kukutafuta, na ukikaa mezani pao, usiwe mgeni.