Nyapara na Msumeno wa Petroli

Nyapara wetu alipenda vitu vyenye kelele. Kabla ya msumeno alikuwa na filimbi, na kabla ya filimbi alikuwa na mdomo wake tu, nao ulitosha. Tulikuwa kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Rongai, la ngano na mahindi, na nyapara ndiye aliyetuamrisha sisi wanawake kutwa nzima: njoo, nenda, inama, beba. Sikumheshimu tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuanza leo kwa kuwa amekufa.

Miaka ya hamsini ilipokaribia kwisha, Bwana mwenye shamba aliamua kuangusha mikalitusi iliyogawanya mashamba yake, apate kulima zaidi. Akanunua mjini Nakuru msumeno wa petroli, wa kwanza kuonekana kwetu. Fundi wa duka aliyeuleta alishinda nasi akifundisha. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulikuwa tumepangiwa kazi ya kuondoa matawi, kwa hiyo tulisimama pale tukaona yote.

Fundi aliuzunguka mti kwanza, akatazama umeinamia wapi na upepo unatoka wapi. Akafyeka vichaka nyuma yake ili awe na njia ya kuondokea. Halafu akachonga mdomo, pengo kama kinywa kilicho wazi, upande ambao mti ulitakiwa kulala, akahamia nyuma, akakata juu kidogo ya usawa wa ule mdomo, na katikati akaacha ukanda usiokatwa, ushike kama bawaba ya mlango. Mti ulilala palepale aliposema. Kuhusu kupunguza matawi alieleza mengi, lakini haya aliyarudia mpaka yakatuchosha: simama upande mmoja wa gogo, tawi unalokata liwe upande wa pili, usikate kwa ncha, maana ncha ikigusa mti msumeno unakurukia, usiuinue kupita bega, na mtu yeyote asikaribie kabla injini haijazimwa.

Nyapara alitikisa kichwa muda wote kama mtu anayeelewa. Kumbe alikuwa anatazama jinsi watu wanavyomtazama.

Kesho yake alikuja amevaa miwani nyeusi iliyotupwa na Bwana, kioo kimoja kina ufa. Aliuwasha msumeno kwenye nyumba za wafanyakazi, mbali kabisa na miti, ili wake za watu watoke kuona, akaupitisha njia nzima ukinguruma. Mti wa kwanza hakuuchonga mdomo. Alisema mdomo ni kazi ya watu wa shoka. Mti ukakaa juu ya msumeno ukaubana, na wanaume wakapoteza asubuhi nzima wakipigilia kabari na kuvuta kamba. Alisema mti ule ulikuwa mbaya. Wa pili ulianguka juu ya ua wa ng'ombe, na huo pia ulikuwa mbaya. Nilijifunza kwamba shamba zima lilikuwa na miti mibaya na mwanamume mmoja mzuri.

Kazi iliporudi nyuma alianza kutulazimisha kuvuta matawi huku yeye bado anakata, ili Bwana akipita na gari aone mambo yanakwenda. Wifi yangu alikataa. Alimkumbusha alivyosema fundi.

Nyapara alimcheka. "Wewe mama unaogopa nini? Hii si simba."

"Simba angekuwa na akili," wifi akajibu.

Akamwambia achague kati ya kuvuta matawi na kwenda kwao. Siku zile, bila kazi ulipoteza nyumba, na bila kibali hukuruhusiwa kuhamia penginepo. Basi tulivuta, shingo tumezikunja kama kuku kwenye mvua.

Siku ya tatu ya kuvuta hivyo, mti mmoja ulianguka nusu, ukaegemea mwenzake. Fundi alikuwa amesema mti wa namna hiyo uvutwe kwa trekta. Nyapara akapanda juu ya gogo, akanyoosha mikono, akainua msumeno juu ya kichwa ili akate tawi kubwa lililonasa. Alikata kwa ncha. Msumeno ulirudi nyuma mara moja, ukampiga begani, akaanguka chali, nao ukaangukia mawe ukazimika. Yule mwanamume wa filimbi alilia akimwita mama yake. Aliyemfikia kwanza ni wifi. Alivua leso aliyojifunga, akamfunga bega kwa nguvu mpaka damu ikapungua. Tukambeba hadi kwenye lori, wakampeleka hospitali Nakuru.

Alirudi mkono umening'inizwa shingoni, na hadithi tayari. Alimwambia Bwana kwamba wifi alimsukuma kwa chuki. Bwana hakumwita wifi hata kumuuliza. Alituma neno kwamba aondoke kabla ya Jumapili.

Nilikwenda kwenye veranda yake bila kuitwa. Nilisema nilikuwepo, na kwamba hakuna mtu aliyemsukuma mtu. Bwana alikuwa anakunywa chai. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikimharibia safari, kisha akamwita nyapara, labda ili tu niondoke haraka. Mpishi alikuwa anafagia pale. Bwana akamnyang'anya ufagio, akampa nyapara.

"Onyesha mimi," akasema kwa Kiswahili chake. "Wewe nasimama namna gani?"

Ningekuwa yeye, ningesimama chini na kushika ufagio karibu na kiuno. Lakini mtu huyu hakuweza kuwa mdogo hata uongo wake ulipomtaka awe mdogo. Alipanda kwenye ngazi ya juu, akatanua miguu, akainua ufagio juu ya kichwa kwa mkono wake mzima, na uso wake ukang'aa.

"Mkono napanda juu namna hiyo?"

"Ndiyo, Bwana. Wengine hawawezi."

"Na huyu mwanamke nakaa wapi?"

"Chini kule, Bwana, anavuta matawi. Hata kumwona sikumwona, mimi nilikuwa juu."

Akabaki hivyo, ufagio hewani. Mpishi aliinama akaokota takataka ambayo haikuwepo. Ilimchukua nyapara muda kukisikia alichosema, na alipokisikia, alishusha ufagio polepole kama mtu anayeteremsha bendera.

Usidhani Bwana alitenda haki. Kilichomkasirisha ni msumeno kupindika. Alimtukana nyapara kwa ajili ya chuma, akampeleka kusimamia ndama, na kuhusu wifi akasema tu arudi kazini. Hakuna aliyemwomba radhi. Msumeno ulipotengenezwa alipewa dereva wa trekta, ambaye aliuogopa kama nyoka, na kwa sababu ya woga huo alifuata kila neno la fundi. Alipiga kelele kabla mti haujaanguka, akazima injini kabla hatujakaribia. Mikalitusi iliyobaki ilianguka yote bila mtu kuumia.

Nyapara alizoea kutupita asubuhi na ndama wake, filimbi imerudi shingoni. Alitusalimia kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani, na leso ya watu hakuirudisha. Wifi yangu aliitikia kila siku, maana ndivyo alivyolelewa. Mimi sikuitikia.