Pejo ya Hamimu Haikuvuka Gatumba

Mi ni fundi wa kulehemu, jina langu Bonfils, na mikono hii ndiyo iliyomharibia Suud. Nasema mapema ili mutu asinionee huruma.

Suud ni fundi wa magari. Tuna karakana moja hapa Cibitoke, mjini Buja. Baba yake, marehemu Hamimu, alikuwa na Pejo 404. Vita ya tisini na tatu ilipoanza, alivukia nayo Uvira, upande wa Kongo, na familia yote; waliporudi, akaiacha kwa mudogo wake. Hakuifuata tena mpaka akafa. Juzi hapa moyo wa mama yake Suud, Mama Ghanima, ulichoka, daktari akasema miezi haipo mingi. Mama aliomba kitu kimoja tu: apande gari ya mume wake, apelekwe kaburini kwake.

Mutu mwenye akili angeivusha na kutu yake, aitengeneze huku. Siyo sisi! Sisi mafundi wa Buja tuna kiburi: gari ya kizamani lazima iingie mjini iking'aa, watu wageuke. Wiki mbili tulikuwa Uvira. Nilikata bati bovu karibu na mota, nikalehemu jipya, nikasugua hata kidole hakisikii kiungo. Suud akapaka rangi nyeupe. Yebaba we, tulijisifu!

Pale mpakani Gatumba, afisa wa forodha alishika karatasi, akafungua boneti, akainama.

"Namba ya shasi iko wapi?"

Suud aliniangalia. Mi nikaangalia chini.

"Ilikuwa kwenye lile bati, shefu," nikasema. "Lilioza. Nililikata."

"Mulikata namba? Nyinyi mafundi gani? Sasa nitajuaje kama ndiyo hii ya kwenye karatasi?"

Tulimsihi mpaka midomo ikakauka. Apana. Wakongo nao walishagonga muhuri wa kutoka, hawakutaka kuipokea. Ikaegeshwa kwenye uwanja kati ya vizuizi viwili. Kesho yake nilirudi Uvira, nikachambua takataka zote kwa mikono. Muokota vyuma alishapita. Nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema.

Suud hakunitukana hata neno. Ningependa anitukane.

Ijumaa akasema, "Kama gari haiji kwa Mama, Mama ataenda kwa gari." Tulimkodia teksi. Afisa, Mungu ambariki, alituruhusu kuingia uwanjani. Tulimshika Mama Ghanima huku na huku, hatua kwa hatua, Suud akamfungulia mulango wa mbele.

"Bismillahi, Mama. Panda."

Mama hakupanda. Alipitisha kiganja kwenye mulango, akaurudia tena, polepole. Akainama kutafuta kitu pale chini.

"Hapa palibonyea," akasema. "Siku nilipokuzaa, Hamimu aligonga geti la hospitali kwa haraka. Alikataa pasinyooshwe."

Nilikumbuka ule mubonyeo. Nilikuwa nimeunyoosha kwa nyundo, nikipiga mluzi.

"Mama, ndiyo hii, wallahi," Suud akasema. "Tuliitengeneza tu."

"Apana, mwanangu. Hii ni ya watu. Tusipande gari ya watu."

Aligeuka mwenyewe kuelekea teksi. Suud alibaki ameshika mulango wazi, mi sikuweza kumwangalia.

Mama Ghanima aliishi siku kumi na moja zaidi. Kila asubuhi alimuuliza Suud ataileta lini gari ya baba yake.