Hakimu Aliyelima Shamba la Kesi

Chuoni Dar es Salaam nilisoma habari za jaji mmoja wa Uskoti wa karne nyingi zilizopita. Alirithi kiti cha baba yake, akaamua kesi za shemeji na binamu zake hadi uzeeni, na bado watu wakamsifu. Likizo ilipofika nikaenda Mkata kumchokoza baba mkubwa, hakimu wa mahakama ya mwanzo. Naye alianza kazi akiwa karani wa baraza la baba yake, aliyekuwa jumbe. Baada ya Uhuru majumbe waliondolewa, yeye akapelekwa kozi, akarudi hakimu.

“Kwa hiyo na wewe umerithi,” nilimwambia.

“Nimerithi kiti kibovu. Huyo Mskoti wako alilima?”

“Sidhani.”

“Basi kesho njoo mahakamani.”

Kesi ya siku hiyo ilihusu ng’ombe wa mfugaji wa Kimasai walioingia shamba la ujamaa na kula mahindi. Kijiji kilikuwa kimelishika dume lake la pekee na sasa kilitaka kulichukua kabisa. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji alipita nyumbani, akanywa chai yetu.

“Hakimu, ukituangusha tutakuombea uhamisho. Milimani wanahitaji watu.”

Alicheka. Baba mkubwa hakucheka. Nyumba yake alikuwa ameiezeka bati mwezi ule, na mama mkubwa kifua chake hakivumilii baridi.

Mahakamani aliketi na wazee wawili wa baraza, mmoja kila upande. Mfugaji alisimama peke yake, fimbo mkononi. Kabla ya kusikiliza neno lolote, baba mkubwa akauliza, “Nani alilima shamba hili?”

“Kijiji kizima, mheshimiwa,” akasema mwenyekiti.

“Mzee, wewe ulilima?” akamgeukia mzee wa baraza wa kulia.

“Nililima, mheshimiwa. Kiuno kinaniuma mpaka leo.”

“Na wewe?” akamuuliza wa kushoto.

“Nilipalilia.”

“Na mimi je?”

Bibi mmoja akasema kutoka nyuma, “Ulilima, baba, ila ovyo. Tulirudia.”

Watu wakaangua kicheko, hata mfugaji.

“Basi hapa wadai ni sisi sote,” akasema baba mkubwa. “Mdaiwa ni mmoja.”

“Mheshimiwa,” akapinga mwenyekiti, “shamba la wote si la mtu.”

“Mahindi yakigawanywa, mimi sipewi?”

Baba mkubwa akaamuru kesi ipelekwe kwa hakimu wa wilaya, Handeni, aipangie mahakama nyingine. Dume lirudi kwa mwenyewe hadi hapo.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakukataa kulima tangu mwanzo.

“Niseme mimi ni bwana mkubwa, wenzangu washike jembe? Hapana.”

“Na huko mfugaji akishindwa?”

“Atalipa. Lakini hatahukumiwa na mwenye mahindi.”

Uhamisho ulikuja kabla ya mvua. Bungu, kule milimani. Mama mkubwa alifunga vyombo akilalamika kwamba bati lake halijanyeshewa hata mara moja, ila hakuna siku nilipomsikia akisema mumewe alikosea. Mimi, ninayebisha kila kitu, nilitafuta kosa katika uamuzi ule nikakosa.

Nilipowatembelea Bungu, mama mkubwa alikuwa amevaa sweta mbili na kukaa karibu na moto. Baba mkubwa alikuwa nje, akitia mpini kwenye jembe.

“Na hapa utalima?”

“Nitalima, mwanangu. Ila nimemwambia mwenyekiti wao mapema: ugomvi wa shamba hili asiniletee.”

“Akasemaje?”

“Kaniuliza nataka kuhamishiwa wapi.”

Kutoka ndani mama mkubwa akasema, “Mwambie Mkata.”